Ua Lililobaki Kwenye Mahameli

Wageni wa mahari walikuwa wanatarajiwa Jumamosi, kwa hiyo shangazi yangu alikuwa akiviondoa vitambaa vya kroshia kwenye makochi ili vifuliwe na kutiwa wanga. Alipokiinua kile cha mkono wa kochi kubwa, akasita. Chini yake, juu ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee, palikuwa na ua. Halikuwa doa, wala haikuwa sehemu iliyochujuka. Lilikuwa ua kamili la petali nane, limezungukwa na duara la matundu madogo, limekandamizwa ndani ya manyoya ya kitambaa kwa usahihi kiasi kwamba niliweza kufuata kwa ncha ya kidole kila fundo la uzi ambalo yeye mwenyewe alilifunga miaka mingi iliyopita.

"Ona sasa, mwanangu," alisema. "Kochi limeharibika."

Mimi niliona kitu kingine.

Hapo tulikuwa nyumbani kwake Migosi, Kisumu. Tangu nirejee Nakuru, ambako kazi yangu ni kubuni vitambaa vya nguo na vya samani, ua lile limekataa kuniondoka. Sisi wawili tulitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja: yeye akaona hasara, mimi nikaona mchoro bora kuliko mingi niliyowahi kulipwa kuichora. Swali ambalo limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa sasa ni hili: alama hugeuka kuwa pambo wakati gani, na ni nani mwenye haki ya kulisema hilo?

Kilichotokea ndani ya manyoya

Kitambaa cha kawaida kina seti mbili za nyuzi, mtande unaokwenda kwa urefu na mshindio unaopita kwa upana. Kitambaa cha manyoya huongezewa seti ya tatu, ambayo hailali pamoja na hizo mbili bali husimama juu ya uso wake, ama ikiwa imekatwa ncha kama ilivyo mahameli, ama ikiwa imeachwa vitanzi kama ilivyo taulo. Blanketi ni jambo tofauti, kwa kuwa manyoya yake hukwanguliwa kwa brashi za waya kutoka kwenye nyuzi zilezile za msingi, na ndiyo sababu blanketi huzidi kuwa jepesi kadiri linavyopoteza manyoya.

Mbunifu anayefanya kazi na manyoya haanzi na rangi. Anaanza na mwanga.

Ukiyatazama manyoya yaliyosimama kutoka upande wa ncha, mwanga unazama katikati yake na kurudi kidogo tu, hivyo rangi inaonekana nzito. Manyoya yakilala, ubavu wa kila uzi unauakisi mwanga, na rangi ileile inaonekana nyepesi, wakati mwingine inang'aa kama fedha. Ua la shangazi halikuwa na rangi yake lenyewe. Kitambaa chote kilitiwa rangi moja katika pipa moja. Tofauti ilitokana tu na nyuzi zilizosimama na nyuzi zilizolazwa.

Nilitaka kujua kwa nini zililala na zikakataa kuinuka. Kwa ruhusa yake nilichomoa nyuzi chache za manyoya kutoka kwenye pindo lililofichwa chini ya kiti, nikazipeleka nje ya jikoni na kuziwasha kwa kiberiti. Ziliwaka upesi kwa harufu ya karatasi inayoungua, zikaacha jivu laini la kijivu ambalo lilipotea nilipolisugua kati ya vidole. Poliesta ingeyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Hizi zilikuwa nyuzi za asili ya mmea, na kwa mng'ao ule niliamini kuwa ni viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na miti, ambao hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake inapolowa.

Hapo mambo yakanyooka. Kisumu iko mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na jioni zake ni za joto lenye unyevu. Ukiweka kiwiko chenye jasho juu ya kitambaa cha kroshia kilicholala juu ya mahameli ya viskosi, kila jioni wakati wa taarifa ya habari, miaka nenda miaka rudi, unafanya bila kukusudia kazi ambayo viwanda huifanya kwa makusudi. Viwandani mahameli hupitishwa kati ya roli zilizopashwa moto, moja ikiwa imechongwa mchoro, na mchoro huo hulaza manyoya pale unapogusa. Mahameli ya kukunjwa nayo husokotwa ikiwa imelowa na kuachwa ikauke katika mikunjo yake. Kwa poliesta joto ndilo linalofanya kazi, kwa sababu nyuzi zake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hadi 80 hivi, na zikipoa katika umbo jipya hubaki nalo.

Unyevu, uzito na muda. Shangazi alikuwa navyo vyote vitatu.

Kuhusu wageni, tulichemsha maji, tukaushikilia mvuke karibu na mkono wa kochi bila kuugusa, kisha nikapiga brashi laini taratibu nikienda kinyume na ulalo wa manyoya. Sehemu kubwa ya ua iliinuka, petali zikabaki kwa mbali sana. Nilikuwa nikilifuta jambo ambalo nilitamani kulipiga picha na kulitundika ukutani, lakini kochi si langu, na mwenye kochi alikuwa anatarajia wakwe.

Kiganja na muongo

Niliporudi Nakuru nilikwenda kwa fundi wa makochi ninayemwamini kuliko wote, mzee ambaye karakana yake iko wazi barabarani, mbao upande mmoja na sponji upande mwingine. Nilimsimulia kisa cha ua. Hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha mkono wa kochi kuukuu lililoletwa kushonewa upya, akasema, "Mkono ndio hutangulia kufa. Halafu kichwa. Halafu ukingo wa kiti pale magoti yanapokunjika."

Nilikaa pale mchana kutwa nikiwatazama wateja. Kila mmoja aliyesimama mbele ya sampuli za vitambaa alifanya jambo lilelile: alipitisha kiganja juu ya mahameli, akakirudisha kinyume, akatazama mstari mweusi uliobaki nyuma ya vidole vyake, akatabasamu. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa. Uzuri wa kitambaa cha manyoya uko katika kule kuitikia mkono, na sina neno baya la kusema juu ya furaha hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonivuta katika kazi hii. Lakini kiganja huamua kwa dakika moja jambo ambalo nyumba italibeba kwa miaka kumi, na sehemu kubwa ya ubunifu unaouzwa katika maroli ya vitambaa yanayotufikia kutoka ng'ambo umelenga dakika hiyo.

Maroli hayo mengi hufumwa kwa njia yenye akili nyingi. Vitambaa viwili hufumwa kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, nyuzi za manyoya zikipanda na kushuka kati yao, kisha kisu kinapita katikati na kuvitenganisha, na hapo hupatikana mahameli mbili kwa kazi moja. Jambo ambalo kiganja hakilijui ni jinsi kila shungi la manyoya lilivyoshikwa kule chini. Likipita chini ya uzi mmoja tu wa mshindio hukaa kwa umbo la V, na hilo huruhusu manyoya kusongamana sana na kupendeza sana dukani, lakini huchomoka kwa urahisi. Likipita chini, juu, kisha chini tena, hukaa kwa umbo la W, likashikwa na nyuzi tatu. Msongamano hupungua kidogo na uimara huongezeka. Ukitaka kujua umeuziwa kipi, geuza kitambaa upande wa nyuma, fumua nyuzi chache za ukingoni, utazame shungi lililotoka.

Wenzetu wa viwandani hupima uimara kwa mashine ya Martindale, inayosugua kitambaa kwa mizunguko, na kitambaa cha makochi ya nyumbani hutarajiwa kuvumilia kati ya 15,000 na 25,000. Kipimo hicho kina maana, lakini kinajibu swali la kuchakaa kwa kusuguliwa. Hakisemi mengi juu ya kulala. Kochi la shangazi halikuwa na upara popote.

Jambo jingine fundi alilonifundisha siku ile ni la ulalo. Kwenye mgongo wa kochi yeye huelekeza manyoya chini, na kwenye kiti huyaelekeza mbele, na hageuzi kipande hata kimoja ili kubana kitambaa, kwa kuwa vipande viwili vya roli moja vikielekezwa kinyume huonekana kama vya rangi mbili. Kuna wateja wanaomkasirikia kwa sababu ya ile nusu mita inayoongezeka kwenye hesabu. Huwaachia waende.

Ramani ambayo tayari ilikuwepo

Nikiwa njiani kutoka karakana ndipo jambo liliponijia, nikasimama kando ya barabara. Mkono, kichwa, ukingo wa kiti: hizo ndizo sehemu ambazo fundi alizitaja, na mbili za mwanzo ndizo hasa ambazo shangazi huzifunika. Ukiingia sebuleni popote kutoka Nakuru hadi Busia utakuta vitambaa vya kroshia vimewekwa mahali palepale, kwa vipimo vilevile, na sisi tuliosomea ubunifu tumezoea kuviona kama mapambo yanayoficha kitambaa kizuri. Ni mapambo, bila shaka. Lakini pia ni ramani ya uchakavu, iliyochorwa na akina mama ambao huishi na kochi baada ya sisi kwenda zetu.

Hapo swali langu likageuka.

Badala ya kujiuliza alama huwa pambo lini, nikaanza kujiuliza kwa nini tunabuni kitambaa kimoja kwa kochi zima ilhali kila mtu sebuleni anajua kwamba kochi halichakai kwa usawa.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi mno: kuchonga ua kwenye roli la moto na kulipiga kwenye mahameli. Nililichora, nikalipenda kwa siku chache, kisha shaka mbili zikaliangusha. Ya kwanza ni kwamba nitakuwa nimechukua kazi ya mikono ya akina mama, nikaiuza kwao kama kitu kipya. Ya pili ni ya kiufundi, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mchoro wa kukandamiza huonekana kwa sababu manyoya mengine bado yamesimama. Miaka ikipita, yale yaliyosimama nayo hulala kwa kukaliwa, na siku yote yanapofika kimo kimoja mchoro hutoweka. Mchoro wa namna hiyo unategemea kitu ambacho matumizi yamekusudiwa kukiondoa.

Kwa hiyo mchoro utoke katika muundo wenyewe wa kitambaa, katika jinsi kinavyofumwa.

Vitanzi na ncha

Ipo njia ya zamani ya kufuma mahameli kwa kutumia fito nyembamba za chuma. Mfumi huinua nyuzi za manyoya, anaingiza ufito chini yake, anaendelea kufuma, kisha anauchomoa. Ufito wenye wembe kwenye ncha hukata vitanzi unapotoka. Usio na wembe huviacha vizima. Ukichanganya namna hizo mbili katika kitambaa kimoja unapata mchoro kwa uzi mmoja na rangi moja, kwa kuwa ncha zilizokatwa humeza mwanga na kuonekana nzito, na vitanzi huakisi na kuonekana vyepesi. Ni tofauti ileile niliyoiona kwa shangazi, ila hapa haitokani na kulala. Kitanzi kikikandamizwa bado ni kitanzi.

Mwaka 1937 mamlaka ya usafiri ya London ilimwita Enid Marx, mbunifu wa Kiingereza, kubuni vitambaa vya viti vya treni, ambavyo hufumwa kama moketi ya sufu, yaani kitambaa kigumu cha manyoya, na katika vitambaa hivyo vitanzi na manyoya yaliyokatwa huwekwa pamoja, huku michoro ikipangwa ili uchafu na uchakavu visijitokeze haraka. Nimekuwa nikimfikiria sana kila ninapopanda matatu ya Kisumu kupitia Kericho. Viti vingi vya matatu zetu vina manyoya yaliyochapwa mchoro kwa juu, na ukitazama ukingo wa kiti cha dirishani utaona mchapo umefutika na weupe wa msingi umejitokeza. Abiria wetu nao ni wengi, na vumbi letu ni kali. Wanastahili kitambaa kilichofikiriwa kwa kiwango kilekile.

Karibu na nyumbani zaidi kuna kazi ya watu wa Kuba, huko Kasai nchini Kongo. Wanaume hufuma kitambaa cha msingi kwa nyuzi za rafia, mmea wa jamii ya mitende, na wanawake huingiza kwa sindano mashungi ya rafia iliyolainishwa na kuyakata kwa kisu kidogo, shungi baada ya shungi, hadi uso mzima ujae pembe na mistari inayobadilika mwelekeo ghafla. Hakuna fundo hata moja. Mashungi hushikwa na ubanifu wa kitambaa cha msingi peke yake. Kila nikiitazama kazi hiyo hurudi kwenye jambo lilelile, kwamba uzuri wa juu umekopeshwa na uaminifu wa chini, na mbunifu anayechagua manyoya bila kuuchagua msingi amefanya nusu ya kazi.

Nguo nazo zina somo lao, ingawa ni fupi. Kodrai hufumwa kwa mshindio wa ziada unaoelea juu, kisha visu vya duara hupita katikati ya mistari na kuukata, na manyoya hujikusanya kuwa matuta. Matuta mapana yanafaa koti, yale membamba yanafaa shati. Mshonaji anayeyaelekeza manyoya juu hupata rangi nzito ya kupendeza; anayeyaelekeza chini hupata suruali inayostahimili kusuguliwa. Kwa asubuhi za Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari, ningevaa kodrai kila siku ya Julai, na ningemwomba mshonaji aelekeze chini kwenye suruali na juu kwenye koti.

Spoki za baiskeli

Mfumi ninayeshirikiana naye hana fito za chuma za kiwandani. Ana spoki za baiskeli, alizozikata kwa upana wa mtambo wake wa mkono na kuzisugua kwa msasa hadi zikawa laini kabisa. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, na kitanzi kinachobaki ikishachomolewa ni kifupi, kigumu, kilichosimama imara. Pale tunapotaka manyoya ya kukatwa, yeye hupitisha wembe juu ya spoki kabla ya kuichomoa, akikata kitanzi kimoja kimoja kwa mkono usiotetemeka. Tulichagua pamba, kwa sababu haisaliti upesi kama viskosi inapolowa jasho, na tukayafunga manyoya kwa umbo la W.

Sampuli za kwanza zilionyesha tatizo ambalo nililitarajia na jingine ambalo sikulitarajia. Nililitarajia la vitanzi kunaswa: bangili, saa ya mkononi, kucha za paka. Kwa kuwa uzi wa manyoya ni mmoja unaoendelea kwa urefu wote, kitanzi kimoja kikivutwa huwanyang'anya majirani zake urefu, na mstari mtupu hutokea. Vitanzi vifupi na kufunga kwa W vimepunguza hilo, havijaliondoa. Ambalo sikulitarajia ni jinsi mchoro mdogo unavyopotea. Petali zenye upana wa vitanzi viwili hazionekani kabisa, kwa sababu manyoya yaliyokatwa hutanuka na kuvifunika. Umbo lazima liwe nene kuliko linavyotakiwa kwenye karatasi, na nafasi kati ya maumbo iwe pana zaidi.

Kisha kuna bei. Kitambaa cha mkono hakiwezi kushindana kwa mita na roli la kiwandani, na sitaki kumdanganya mtu yeyote kwamba kinaweza. Baada ya kuzunguka na hesabu hizo nimeona kwamba hakuna haja ya kufuma kochi zima. Tunafuma vipande vya mikono na vya kichwa tu, pale ambapo ramani inasema, na sehemu nyingine zote zinabaki na mahameli ya kawaida ambayo kiganja cha mteja tayari kinaipenda. Vipande hivyo vishonwe kwa zipu upande wa ndani ili vivuliwe, vifuliwe, na vikichakaa vibadilishwe bila kulifumua kochi.

Fundi alisikiliza yote hayo akiwa na misumari mdomoni, akaitema kiganjani, akanipa pingamizi ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alisema mteja akibadilisha mkono peke yake baada ya miaka mitano, mkono mpya utakuwa na rangi nzito kuliko kochi lililochujuka kwa jua la dirishani, na watu watadhani ni kiraka. Nilirudi nalo nyumbani. Nadhani jibu ni kutojaribu kulinganisha rangi tangu mwanzo: kochi la damu ya mzee lipate mikono ya rangi ya udongo au ya kahawa, ili tofauti iwe sehemu ya kochi siku linapotoka karakana, na kipande kipya kisiwe na cha kufanana nacho. Yeye hajaridhika. Anasema akina mama wa huku hununua seti, na seti ni rangi moja.

Huenda ana haki, na njia ya kujua ni kulitengeneza. Tumekubaliana aanze na kiti kimoja cha wateja kukalia pale karakana, mkono wa kushoto ukiwa wa vitanzi vitupu na wa kulia ukiwa na ua lililokatwa, na mimi nitakuwa nikipita kila mwisho wa mwezi kupima kimo cha manyoya kwa rula na kuwauliza waliokikalia ni mkono upi wangeununua.